Ya Humu Yabaki Humu

Waumini walimwita Dakika Mbili. Si mbele yake. Mbele yake alikuwa Padri, au Baba, na vichwa viliinama kama inavyotakiwa. Lakini sokoni na kwa kinyozi alikuwa Dakika Mbili, kwa sababu kila Jumapili alisimama mimbarini akasema, "Ndugu zangu, nina maneno machache, dakika mbili tu," na watoto wakalala, wakaamka, wakalala tena. Jina hilo alilijua. Hakuchukia. Mwenye jina la utani anazungumzwa, na anayezungumzwa hayuko peke yake kabisa.

Jumamosi alasiri aliungamisha. Kiti cha maungamo kilikuwa kisanduku cha mbao pembeni mwa kanisa. Upande mmoja anakaa padri, upande wa pili anapiga magoti mwenye dhambi zake, na katikati yao kipande cha bati chenye matundu madogo madogo, sauti ipite na uso usionekane. Bati hilo alilitoboa Fundi Bati kwa nyundo na msumari, enzi za padri aliyetangulia, mkewe akilishika upande wa pili lisiteleze. Walikuwa vijana. Sasa fundi alikuwa mzee, na mkewe alikuwa kaburini tangu mvua zilizopita.

Fundi huyu alitengeneza ndoo, faneli, majiko na makopo ya kumwagilia maua, na nyundo ilikuwa imemla masikio. Asiyesikia vizuri hudhani na wenzake hawasikii. Akipiga magoti na kusema, "Baba, nibariki kwa kuwa nimekosa," njiwa waliruka darini. Wanawake waliokuwa wakingoja zamu waliinuka wote pamoja, bila kuambiana, wakahamia mabenchi ya nyuma kabisa.

"Kipaza sauti kaanza."

"Kamtukana tena paka wa jirani."

"Dada, kusikiliza maungamo ya mtu ni dhambi."

"Sisikilizi mimi. Yeye ndiye ananisikilizisha."

Ndipo padri akampangia fundi aje wa mwisho, watu wakishaondoka. Fundi hakuuliza kwa nini. Alikuja, akapiga magoti taratibu, goti moja kwanza, la pili baadaye, akamwaga dhambi zake. Zilikuwa dhambi za mtu mwema: paka, koleo aliloazima akasahau kurudisha, usingizi wakati wa mahubiri.

"Hilo la usingizi," padri alimwambia siku moja, "nusu yake ni langu."

Baada ya mazishi aliendelea kuja. Jumamosi moja alimaliza habari za paka, akanyamaza. Padri akadhani ameondoka. Kisha ikaja sauti ya chini, hajawahi kuisikia kwa mzee yule.

"Namdanganya binti yangu."

"Kivipi?"

"Kila jioni anapiga simu. Baba, umemeza dawa? Namwambia nimemeza. Sijameza hata kidonge kimoja tangu tumzike mama yake."

"Dawa za nini?"

"Za presha. Daktari alisema nikiziacha nitaanguka kama gunia. Alijua mke wangu, na anajua binti. Mtaani hawajui. Wakijua watanikataza nyundo."

"Na kwa nini humezi?"

Fundi alijisogeza. Mbao za kiti zikalia chini ya magoti yake.

"Yeye ndiye alikuwa ananitilia kiganjani," akasema. "Kila asubuhi. Anazitoa, ananitilia, anasimama hapo na kikombe cha maji mpaka nimeze. Sasa nikizishika mwenyewe, mkono haupandi, Padri. Nazirudisha mfukoni."

"Mzee wangu, utakufa."

"Sina haraka ya kubaki."

Padri aliegemeza paji la uso kwenye bati. Lilikuwa la baridi.

"Niruhusu nije nyumbani kwako tuyaongee haya. Nje ya hapa. Kama mtu na mtu."

"Hapana."

"Mara moja tu."

"Ya humu yabaki humu. Binti akijua simezi, atakuja kunibeba. Atanipeleka kwake, huko ghorofani, nikae nitazame televisheni mpaka siku yangu. Mama yake atabaki hapa na nani? Na wewe, Padri, usichukie nikisema, mdomo wako tunaujua."

Padri akamwambia ajaribu kumeza. Fundi akasema atajaribu. Akapewa malipizi ya sala chache, akaondolewa dhambi zake, akaenda zake. Jumamosi iliyofuata alisema, "Nilijaribu," na iliyofuata vilevile.

Sasa, padri anayesikia neno ndani ya kisanduku kile hana ruhusa ya kulijua akitoka. Si kulisema tu. Hawezi kumgusia hata mwenyewe aliyelisema. Hawezi kumtazama kwa jicho lingine, wala kumwekea mkono begani kwa huruma iliyozidi ya jana. Neno lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni kinywa cha mwenye neno. Asipoufungua yeye, limekwisha. Mtu mwenye mke angegeuka kitandani akasema, leo nimesikia jambo zito, nishike mkono, usiniulize. Padri hageukii mtu. Anageukia ukuta.

Nyumba yake ilijengwa kwa ajili ya mapadri watatu. Meza ya kulia ilikuwa ndefu, na yeye alikaa mwishoni, karibu na mlango wa jikoni, kama mgeni asiyejua kama amealikwa. Mpishi, mama wa makamo mwenye haraka, aliondoka jua likiwa bado juu, akaacha chakula kimefunikwa kwa sahani nyingine.

"Padri, ule kikiwa cha moto."

"Nitakula."

"Jana ulisema hivyo hivyo. Leo asubuhi nimekuta kama nilivyoacha. Paka kanenepa, wewe unakonda. Nyumba gani hii?"

Kila asubuhi baada ya misa ya alfajiri alisimama dirishani na kikombe cha chai akingoja nyundo. Karakana ya fundi ilikuwa mtaa wa nyuma, na mlio wake uliruka mapaa yote ukafika. Ko, ko, ko. Akiusikia, alikunywa chai. Zamani mlio ule ulimkera. Aliwahi kumwomba mzee asiponde bati wakati wa kusali masifu, sala zake za asubuhi. Sasa aliungoja kama mtu anayeweka sikio kifuani mwa mgonjwa.

Jumapili moja Injili ilikuwa ya mgonjwa aliyeponywa. Padri alikuwa ameandaa mahubiri mazuri juu ya mwili, kwamba mwili ni amana, na mwenye kuupuuza anapuuza cha Mungu mwenyewe. Alipanda mimbarini, akatazama chini. Fundi alikuwa benchi lake la siku zote, amekaa pembeni kabisa, nafasi ya mtu mmoja ikiwa wazi kulia kwake. Watu walibanana mabenchi mengine lakini nafasi ile hakuna aliyeikalia.

Padri akaona kila neno aliloliandaa lina mkuki, na mikuki yote inaelekea kwa mtu mmoja. Hayo si mahubiri, ni kumfuata mtu na siri yake mbele ya watu. Akafunga kitabu.

"Mungu atuponye sote," akasema, akarudi kukaa.

Kwaya ilikuwa bado inatafuta ukurasa. Nje, baada ya misa, wanaume walisimama kwenye kivuli cha ukuta.

"Padri anaumwa?"

"Mwache. Leo ndiyo ametimiza ahadi. Dakika mbili."

"Mbili? Hata moja haikufika. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza najiegemeza."

Walicheka. Kisha kila mtu akashika njia na wake: huyu na mke, yule na wajukuu, wengine na majirani. Jumapili asubuhi padri ana watu kuliko mtu yeyote mjini. Jumapili mchana hana hata wa kumwuliza saa ngapi. Alikusanya vitabu vya nyimbo vilivyoachwa kwenye mabenchi, akavipanga, akavipangua, akavipanga tena. Wakati mama yake yu hai, saa kama hiyo ndiyo simu ililia. Umekula nini, baba? Kanzu umefua mwenyewe? Sasa simu ilikaa mezani, kimya, kama sahani iliyopinduliwa.

Jumatatu ikalia. Alikuwa binti wa fundi, mwalimu katika mji wa mbali.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri."

"Milele amina, mwanangu. Habari za huko?"

"Za huku nzuri. Nina wasiwasi na baba. Nikimpigia anasema yuko salama. Kila kitu salama. Amekula, salama. Amelala, salama. Mtu hawezi kuwa salama hivyo. Wewe unamwonaje?"

"Namwona kanisani. Anakuja."

"Hilo najua. Nauliza, kuna jambo ninalopaswa kulijua?"

Padri alikaa. Kiti kilikuwa nyuma yake na hakukiona, nusura akikose. Alitamani aseme yeye, huyu binti, neno moja tu. Dawa. Angelisema hilo tu, basi naye padri angekuwa amelisikia kwa njia ya mlango wa mbele, kama wanavyosikia watu wote, na leo hii angekwenda karakana akasema, binti yako ameniambia. Lakini binti naye alikuwa amekatazwa na baba yake asitangaze, na alikuwa mtoto mtiifu.

"Wewe huwa unamuuliza kama..." padri akaanza, akajiuma ulimi.

"Kama nini?"

"Kama yuko mzima."

"Ndiyo hayo ninayokwambia, anasema salama."

"Basi muulize tena."

Binti alivuta pumzi. "Nyinyi wanaume mkizeeka mnakuwa kama mawe mtoni, Padri. Mnasuguana, hamsemi." Akaaga kwa heshima, akakata.

Jumatano ilikuwa siku ya sala ya jumuiya, majirani wa mtaa wanapokutana nyumbani kwa mmoja wao. Zamu ilimwangukia fundi, mara ya kwanza tangu msiba. Padri akaenda.

Chumba kilikuwa kidogo na kimefagiliwa sana, ufagiaji wa mwanamume, katikati pasafi na pembeni vumbi. Ndala za marehemu zilikuwa bado mlangoni. Watu waliziruka walipoingia, hakuna aliyezikanyaga. Viti viliazimwa. Kwenye rafu kulikuwa na faneli mpya zimepangana kama kofia.

Mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamuru, aliongoza sala. Waliposema amina ya mwisho fundi akainuka.

"Ngoja nilete chai."

"Kaa, kaka, wanawake tupo," mwenyekiti akasema.

"Kwangu naleta mimi."

Akapiga hatua, akasimama. Mkono wake ulitafuta hewani, ukapata mwimo wa mlango. Uso ulikuwa kama majivu. Ilikuwa ni kitambo kidogo tu, wengine walikuwa wakikunja vitabu na hawakuona. Padri aliona. Mdomo ukamtangulia.

"Mzee, dawa umemeza lakini?"

Waliokuwa wakikunja vitabu wakaacha. Padri alisikia maneno yake mwenyewe yakitua katikati ya sakafu ile iliyofagiliwa.

"Dawa?" mwenyekiti akageuka. "Dawa za nini? Kaka, unaumwa na hatuambiani?"

Fundi bado alishika mwimo. Alimtazama padri. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alimtazama kama mtu anavyotazama ndoo aliyoiziba mwenyewe, akaiona inavuja.

"Padri ananichanganya na mtu," akasema kwa sauti yake ile ya kufukuza njiwa. "Wagonjwa wake wengi. Mimi sina dawa."

"Ndiyo," padri akasema. "Nimechanganya."

"Kazi nyingi hizo," mwenyekiti akasema kwa huruma. "Padri mmoja, parokia nzima. Mnywesheni chai ya kwanza."

Chai ililetwa. Padri aliinywa mpaka mwisho. Alikuwa amefunua siri ya mtu, na yule mtu ndiye aliyemfunika, kwa uongo, mbele ya majirani zake, nyumbani kwake.

Alhamisi alipanda baiskeli akaenda parokia jirani. Huko alikaa padri mzee aliyestaafu, macho yamepata ukungu, ambaye kwake mapadri wengine walikwenda kuungama. Dakika Mbili alipiga magoti sakafuni kwenye chumba chenye harufu ya dawa ya kuchua. Hakutaja jina la mtu wala mtaa. Alisema tu kilichomtoka.

Mzee alisikiliza akikuna goti.

"Walielewa, waliokuwepo?"

"Hapana. Mwenyewe alinifunika."

"Basi ana adabu kukushinda."

"Nataka niende nikamwombe radhi."

"Uende umwambie nini? Samahani kwa lile uliloniambia ndani nikalisema nje? Hapo si utakuwa umelisema nje mara ya pili? Kaa kitini kwako usubiri. Akija, utamwomba radhi hukohuko. Asipokuja, utaibeba."

"Na akifa kabla hajaja?"

Padri mzee aliacha kukuna goti. Inzi alizunguka taa.

"Nilikuwa na umri kama wako nilipodhani naweza kubeba watu wote," akasema. "Sasa hata kikombe kinanitetemekea. Sema tendo lako la majuto."

Ijumaa nyundo haikulia.

Padri alisimama dirishani mpaka chai ikaota utando. Akatoka uani, labda upepo ulikuwa unaupeleka mlio kwingine. Hakukuwa na upepo. Mpishi alimkuta amesimama katikati ya ua, kichwa upande mmoja.

"Padri, unasikiliza nini?"

"Sisikilizi kitu."

"Ndicho ninachokiona."

Kwenda hakukatazwa. Padri anaweza kumtembelea muumini yeyote siku yoyote. Lakini kwenda leo, baada ya Jumatano, bila sababu, ilikuwa sawa na kusema. Alihitaji sababu. Alizunguka sakristia, chumba cha vifaa vya misa, akitafuta chochote cha bati, akaona kopo la kumwagilia maua ya mbele ya kanisa, akalichukua, akatoka nusu akikimbia, kanzu ikimpiga miguuni.

Karakana ilikuwa wazi. Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, mkasi wa bati umelala mbele yake juu ya bati lililokatwa nusu. Alikuwa hai. Padri alisimama mlangoni akitweta, kopo kifuani.

"Karibu," fundi akasema.

"Asante, mzee. Nimekuletea hili. Linavuja."

Fundi alilipokea. Akaliinua kwenye mwanga, akalizungusha, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wote wa chini, polepole, kisha kwenye shingo ya mrija. Akachota maji ndooni, akamimina ndani, akalishika hewani. Wote wawili walitazama kitako cha kopo. Halikudondoka tone.

"Halijatoboka," fundi akasema.

Padri alifuta jasho la shingoni kwa mkono wa kanzu.

"Nililitengeneza mwenyewe mwaka jana. Mke wangu alichagua mpini." Akamwaga yale maji nje. "Liache. Nitalitafutia tundu."

"Asante."

"Rudi nyumbani, Padri. Jua kali."

Padri akarudi. Njiani alikutana na mwenyekiti wa jumuiya, ambaye alimwuliza kama ameshapata nguvu, naye akajibu ameshapata. Bado alikuwa hajafika getini aliposikia, nyuma yake, ko. Kimya kirefu. Ko. Mlio wa mtu asiye na haraka ya kubaki wala ya kwenda.

Jumamosi aliingia kitini mapema. Wanawake walikuja, mmoja mmoja, na masengenyo yao, na wivu wao, na sala za asubuhi walizozisahau. Aliwasikiliza wote vizuri kuliko siku nyingine. Hatua zao zikatoka. Mlango mkubwa ukasukumwa, ukajifunga. Akangoja yale magoti mawili, moja kwanza, la pili baadaye.

Hayakuja.

Mwanga wa dirisha ulitoka kwenye sakafu ukapanda benchi la mbele, ukapanda ukuta. Padri aliweka kidole kwenye tundu moja la bati, kisha la jirani yake. Upande wake kingo zilikuwa kali, maana msumari uliingia upande wa fundi ukatokea huku. Akamfikiria yule mwanamke kijana, ameshika bati kwa mikono miwili, nyundo inamjia, na hakulegeza. Alimwamini mpiga nyundo. Mwanga ulipofika darini akavua stola, ule utepe wa shingoni wa kuungamishia, akaibusu, akaikunja, akatoka. Hakuwa na la kufanya tena. Alikuwa ameambiwa asubiri, na amesubiri.

Fundi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, kopo la kumwagilia katikati ya miguu yake.

Mpishi alikwisha kuondoka. Ua ulikuwa mtupu. Padri alisimama.

"Kule kanisani nilikungoja," akasema.

"Nimeona mlango wazi. Sikutaka kuingia." Fundi alimtazama shingoni. "Ile stola umeivua?"

"Nimeivua."

"Vizuri." Akainua kopo. "Nimetafuta tundu, sikuliona. Nikapiga lehemu hivyo hivyo."

Kweli, chini kwenye mshono palikuwa na kiraka kinachong'aa, kizuri, kisicho na kazi yoyote. Padri alilipokea, akasikia kitu kikigonga ndani. Akaingiza mkono. Kilikuwa kimfuko cha karatasi, kimekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mpaka kimekuwa laini kama kitambaa. Akajua ni nini. Nusura aseme. Safari hii alimeza neno lenyewe.

"Hiki nini, mzee?" akauliza.

Fundi akatikisa kichwa taratibu, kama mwalimu aliyepata jibu aliloliwinda mwaka mzima.

"Dawa."

"Za nini?"

"Za presha. Mimi ninaumwa presha, Padri. Ndiyo kwanza nakwambia. Hapa, mlangoni kwako, hakuna bati katikati."

"Nimesikia."

"Simezi. Mke wangu alikuwa ananitilia kiganjani. Amekufa. Mkono wangu haupandi." Aliyasema kwa sauti kubwa, na mbwa wa jirani akabweka. "Jumatano nilipata kizunguzungu. Nilisema uongo mbele za watu kwa ajili ya mtu fulani."

"Najua, na..."

"Hujui kitu. Huo nitauungama wiki ijayo, kule."

"Nami kule nina neno la kukuomba."

"Basi yakae kule."

Padri aliweka kopo chini. Kisha fundi akasema, akiangalia miguu yake:

"Jana nilikuona barabarani unakimbia na kopo zima. Mtu mzima, na kanzu. Nikasema, huyu sasa ataanguka kabla yangu."

Padri aliingia jikoni, akatoka na kikombe cha maji. Akafungua kimfuko, akatoa vidonge kama fundi alivyomwelekeza, cheupe kimoja na cha njano kimoja. Fundi alinyoosha kiganja. Kilikuwa kigumu, kimekatwakatwa na bati, mistari yake imejaa weusi usiotoka. Padri alikuwa ameweka Ekaristi kwenye viganja vya parokia nzima, na kiganja hiki alikijua. Akaviweka vidonge katikati, na kwa mazoea ya miaka mkono wake ukapumzika pale kidogo.

"Amina," fundi akasema.

Wakatazamana. Fundi ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kikavu, cha mtu aliyesahau kinavyochekwa, mabega yakipanda na kushuka. "Mazoea," akasema. "Mazoea ni mabaya." Akavitupa mdomoni, akapokea kikombe. Padri alisimama hapo mpaka alipomeza.

Chakula kilichofunikwa kilikuwa cha mtu mmoja. Walikigawa, viazi na yai, fundi akikataa mara mbili kama inavyofaa kisha akila. Hawakuzungumza sana. Mzee hasikii vizuri, na padri alikuwa amechoka kusema. Mara moja aliuliza, "Na binti?"

"Nitamwambia mwenyewe. Nitamwambia pia kwamba nakuja hapa kila asubuhi, baada ya misa, nimeze mbele ya mtu. Akitaka kuja kunibeba, akubebe na wewe."

Akainuka giza halijaingia. Mlangoni akageuka.

"Kesho Jumapili. Hubiri fupi. Dawa ina saa yake."

Akaenda, mkono mmoja ukipapasa ukuta wa ua. Alikuwa anarudi kwenye nyumba yenye ndala mlangoni, na hilo vidonge havikuliondoa. Padri alisikiliza nyayo mpaka zikaisha. Nyuma yake nyumba ya mapadri watatu ilikuwa kimya, meza ndefu inamngoja na makombo yake. Hakuingia bado. Alijaza maji kwenye kopo, akaenda mbele ya kanisa, akamwagilia maua yote, hata yale ambayo mpishi alikwisha kuyamwagilia asubuhi.